Barabara Isiyokanyagwa

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba, wanawake wa Kiamuthanga walitoka na mafagio kwenda kufagia barabara. Si barabara yote. Barabara yote ilikuwa kilomita nne za udongo mwekundu, kutoka mashamba ya ndizi kando ya mto hadi juu kwenye lami iendayo Mitunguu, na hakuna ufagio duniani ambao ungeisaidia. Walifagia mita mia moja na hamsini tu, pale katikati ya mteremko. Hicho kilikuwa kipande cha wageni.

Aliyewaongoza ni Cicily, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa ndizi, mama wa miaka hamsini na miwili, mzito wa mwili na mwepesi wa miguu, ambaye sauti yake ilivuka mto bila kuhitaji simu.

"Lenah! Hapo umeacha kinyesi cha mbuzi!" alimwambia mke wa mwanawe.

"Mama, hicho ni kijiwe."

"Hata kama ni kijiwe. Injinia akikikuta atasema sisi ni watu wa aina gani?"

Injinia mwenyewe alikuwa kijana mpole wa Runyenjes, kule Embu, jina lake Njiru. Alikuwa bado anasoma chuo kikuu, masomo yale ya juu ambayo mtu husoma mpaka akaanza kuota mvi, na alichokisomea ni barabara za mashambani: namna ya kuzijenga zivumilie mvua na malori, bila gharama kubwa na bila kuchimba milima yote ya watu. Alipofika Kiamuthanga mara ya kwanza, watu walimpa chai, kisha wakamsimulia habari za Aprili.

Aprili ile mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika. Kanta, lori dogo la Mbaabu, dereva aliyekuwa akibebea kikundi ndizi, ilizama kwenye mteremko ikiwa imejaa hadi juu. Ilikaa hapo siku nne. Ndizi zikaiva ndani ya gari, zikaanza kutoa maji, na nyuki wakahamia. Mbaabu alisema kwamba mzigo ule angeupeleka sokoni angeuuza kama asali. Cicily hakucheka. Nusu ya zile ndizi zilikuwa zake.

Njiru alisikiliza yote, akaandika, akarudi na tingatinga la kushindilia na vijana wa kazi. Pale mlimani pabaya zaidi walitengeneza vipande vitatu, kila kimoja mita hamsini. Cha chini kilikuwa udongo uliochanganywa na saruji. Cha katikati, udongo na nyuzi za shina la mgomba zilizokatwakatwa. Cha juu, udongo na chokaa na jivu la maganda ya makadamia, jivu ambalo Njiru alilileta kwa magunia kutoka kwao Embu, akilishika kama mtu aliyebeba unga wa mwisho nyumbani.

Aliwaeleza wazi. Mwalimu wake, Profesa Wanjira, angepeleka matokeo kwa kamati ya barabara ya kaunti mwishoni mwa Machi. Kipande kimoja kikithibitika kuwa imara, kilomita zote nne zingejengwa namna hiyo. Kusipokuwa na matokeo, barabara ingeenda kwenye mlima mwingine, mahali pengine, kwa watu wengine.

Siku ya mwisho ya kazi, mwezi wa Septemba ukiisha, alisimama mbele ya watu akiwa ameshiba mukimo, akasema, "Sasa barabara ni yenu. Msiisumbukie hata kidogo. Itumieni kama siku zote. Pitisheni ng'ombe, pitisheni magari, msiogope."

Watu wakapiga makofi. Njiru akapanda pikipiki yake akaenda zake. Vumbi lilipotulia, Cicily akawageukia wenzake.

"Mmemsikia? Huyo kijana ana adabu. Mama yake alifanya kazi."

"Amesema tupite," alisema Mbaabu.

"Mbaabu, mgeni akiingia kwako akasema, 'Msisumbuke, mimi sitaki chai,' wewe hufanya nini? Unaketi unamtazama?"

Mbaabu alifikiri kidogo. "Naweka maji motoni."

"Basi."

Hapakuhitajika maneno mengine. Kila mtu pale alikuwa na kiti kizuri nyumbani kilichofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na kila mtu alijua kwamba kitu cha mgeni hakichezewi. Siku hiyohiyo matawi ya miiba yaliwekwa juu na chini ya vipande vile. Mzee Mutembei, ambaye shamba lake lilipakana na mteremko, alitoa njia kando kwa moyo mkunjufu. Njia hiyo ilishukia kwenye mfereji ambao Njiru alikuwa ameuchimba upande wa kushoto, ikapita ndani ya nyasi za ng'ombe za mzee, ikatokea juu. Kanta ya Mbaabu ilipita huko ikiyumba kama mlevi. Waendesha boda walipita huko. Ng'ombe walifundishwa kwa fimbo kupita huko, nao wakafundishika. Bibi Mukiri, aliyekuwa na miaka themanini na magoti mabaya, hakuiweza njia ile ya kando, kwa hiyo aliruhusiwa barabara ya wageni. Lakini alivua viatu kwanza.

Njiru alikuja kila baada ya wiki mbili. Pikipiki yake ilikuwa na mlio wa kukohoa uliosikika toka mbali, na yeyote aliyeusikia kwanza alipiga mluzi, watu wakaondoa miiba kama mwenye nyumba anavyofunua kiti. Akifika alikuta wameshapanga mstari upande wa kushoto, wakiuficha mfereji bila kukusudia, nguo safi, wakimsalimu kwa furaha. Akapiga magoti, akapima kwa rula ndefu, akapiga picha, akatikisa kichwa.

"Ajabu," alikuwa akisema. "Mvua yote ya Novemba, na haina hata alama."

Cicily aliinamisha macho kwa unyenyekevu. "Tunajaribu, Injinia."

Juu ya kile kipande cha jivu, Njiru alikuwa ametandaza mpira mweusi, mwembamba, ukiikata barabara toka upande mmoja hadi mwingine. Ncha yake iliingia kwenye kisanduku cha kijani kilichofungwa mnyororo kwenye nguzo. Kila gurudumu likiukanyaga, kisanduku kilihesabu moja. Kilikuwa kimefungwa kwa lakiri ya risasi, na hakikutakiwa kufunguliwa mpaka Februari.

Februari ikafika. Njiru alishuka hadi chini, akapima vipande vyote vitatu, akapanda tena kwa pikipiki, akavuka mpira na kusimama kwenye nguzo, akakata lakiri na kufungua kisanduku mbele ya Cicily na Mbaabu. Alitazama. Akakigonga kwa kidole. Akatazama tena.

"Imekufa," alisema.

"Nani?" Cicily alishtuka.

"Hii mashine. Inasema thelathini na sita. Miezi minne na nusu, mlima wenye ndizi zote hizi, magurudumu thelathini na sita!" Alicheka, lakini si kicheko cha raha. "Betri labda. Au panya. Haidhuru, mama. Barabara yenyewe inajieleza. Nitaandika kwamba mashine iliharibika, lakini vipande vyote vitatu vimehimili magari ya kawaida. Profesa amefurahi mpaka basi. Ameshaanza kuandika ripoti."

Akamshika Cicily mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake Mitunguu, ambako alikuwa amekodi chumba kwa wiki moja ili amalize maandishi.

Cicily alibaki amesimama akiutazama ule mpira mweusi. Thelathini na sita. Aliwaza pikipiki inayokohoa. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, na jasho likamtoka shingoni ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi.

"Mbaabu," alisema polepole. "Yule kijana alikuwa anataka tupite. Kweli kweli."

"Mimi nilisema."

"Usianze."

Mbaabu aliegemea kanta yake, akatafuna jani la nyasi. Alikuwa mtu wa utani, lakini safari hii alizungumza kwa sauti ya chini. "Mwenyekiti, hebu tulia. Amesema ataandika nini? Kwamba imehimili. Profesa amefurahi. Kamati itafurahi. Tunapata kilomita nne. Wewe unataka nini tena? Mdomo ukifungwa, barabara inakuja yenyewe."

Na hilo ndilo lililomuuma Cicily, kwamba lilikuwa kweli. Alirudi nyumbani, akamenya viazi vingi kuliko watu waliokuwepo, akamkaripia Lenah bila sababu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna gharama. Mwaka ujao Aprili, gari lingepanda. Ndizi zingefika Meru mjini zikiwa kijani, ngumu, zenye sura ya ndizi.

Lakini je, kama lisingepanda? Alikumbuka tangi la maji la kanisa, walilojengewa miaka miwili nyuma. Fundi alisema lisijazwe mpaka siku ya sherehe, lisije likachafuka. Siku ya sherehe likajazwa mbele ya wageni, na kabla maombi hayajaisha likapasuka ubavu mmoja na kuwaosha wanakwaya wote wa sauti ya tatu. Watu walicheka mwaka mzima. Tangi, sawa, lilimwaga maji tu. Kanta ya Mbaabu ikiwa imejaa, barabara ikiiachia pale kwenye kona ya mtoni, isingemwaga maji.

Kesho yake alivaa viatu vya kanisani akaenda Mitunguu.

Alimkuta Njiru hotelini, mbele ya chapati na ndengu, karatasi zimetapakaa mezani. Kijana aliinuka kwa heshima, akamvutia kiti.

"Karibu mama. Uletewe chai?"

"Hapana," alisema Cicily, na kwa mara ya kwanza maishani alimaanisha hivyo. "Mwanangu, mashine yako haikufa."

"Mama, thelathini na sita?"

"Pikipiki yako ina magurudumu mangapi?"

"Mawili."

"Ukishuka, yanakanyaga mara mbili. Ukipanda, mara mbili. Umekuja mara ngapi tangu Septemba?"

Njiru aliweka kijiko chini. Midomo yake ilitembea ikihesabu. "Mara tisa."

"Basi. Mashine ni nzima. Imekuhesabu wewe."

Akamweleza yote: miiba, mafagio, njia ya Mutembei, Bibi Mukiri na viatu mkononi. Njiru alisikiliza huku uso wake ukibadilika rangi. Mwisho alilaza paji la uso juu ya karatasi akakaa hivyo muda mrefu, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama ni mgonjwa. Kisha, bila kuinua kichwa, akatoa simu akampigia profesa wake, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Wameifanya nini?" sauti ya Profesa Wanjira ilitoka kwenye simu.

"Wameitunza, Profesa."

"Wameitunza."

"Wamekuwa wakiifagia."

Mara simu ikaanza kutoa sauti ambayo Cicily aliifikiria kuwa ya kilio. Ilikuwa kicheko. Mama wa watu alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akarudi. "Njiru, unajua nimeandika nini kwenye ukurasa wa kwanza? 'Uimara wa kustaajabisha.' Na ni kweli! Hata kitanda changu kisipolaliwa kitakuwa na uimara wa kustaajabisha." Akavuta pumzi. "Huyo mama bado yuko hapo?"

"Niko, Profesa," alisema Cicily, sauti yake ndogo kuliko ilivyowahi kuwa. "Je, tumeipoteza barabara?"

"Mmeniokoa na aibu, kwanza. Kuhusu barabara, hesabu ni hii. Nina wiki tano kabla ya kamati. Nikipata magurudumu elfu sita juu ya vipande hivyo, mengi yakiwa ya magari yenye mzigo, na nusu yapite barabara ikiwa imelowa, nitakuwa na kitu cha kusema. Nisipoyapata, sitawadanganya watu. Lakini sasa ni Februari. Mvua itatoka wapi?"

Cicily alisogea karibu na simu. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia.

"Profesa, hapa ni Mitunguu. Mvua tunayo kwenye mabomba. Kila shamba lina sprinkla."

Jumatatu iliyofuata, Kiamuthanga nzima ilisimama mbele ya kipande cha chini. Miiba ilikuwa imeondolewa. Sprinkla sita zilizoazimwa mashambani zilikuwa zimepangwa kandokando, zikizunguka na kurusha maji tki-tki-tki, na barabara iling'aa kama sahani iliyooshwa. Hakuna aliyesogea. Walisimama kama watu kwenye ukingo wa mto wenye maji baridi, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Haya basi," alisema Njiru. "Piteni."

"Wewe mzee, tangulia," mtu alimwambia Mutembei.

"Mimi natangulia kwenye chakula."

Ndipo Cicily akajitokeza. Alikuwa amevaa gambuti, na kabla ya kuja alikuwa amepitia zizi la ng'ombe makusudi. Akaweka mguu mmoja juu ya kipande cha saruji. Akauinua. Alama ya gambuti ikabaki pale, nyeusi, ya samadi, katikati ya barabara safi. Umati ulitoa sauti ya huzuni kutoka kifuani. Lenah alishika fagio lake kwa nguvu.

"Mwenyekiti ameichafua!" alisema Bibi Mukiri.

"Nimeichafua," alijibu Cicily, "na narudia tena." Akapanda mlima wote akipiga miguu chini kama mwanajeshi, tope likirukia sketi yake, akageuka juu na kupaza sauti. "Mnangoja nini? Iharibuni!"

Mutembei aliswaga ng'ombe wake. Walifika mwanzo wa barabara, wakaitazama, wakakata kona wote saba wakaingia kwenye mfereji na nyasi, kwa njia yao ya kila siku. Watu waliangua kicheko.

"Tazama! Hata ng'ombe wamelelewa vizuri!" alisema Mbaabu, akawasha kanta.

Alipopita yeye na tani tatu za ndizi, aibu iliwatoka wote. Siku ile kisanduku kilihesabu mia moja na themanini. Siku iliyofuata, mia tatu. Waendesha boda walishuka na kupanda kati ya abiria mmoja na mwingine, wengine wakipita hata walipokuwa hawaendi popote. Harusi moja kutoka mtaa wa pili iliombwa ipitie pale, ikapita na magari kumi na moja, bibi harusi akipunga mkono. Njiru alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akiandika, akilowa, akichekwa.

Bila mtu kupanga, watu walijigawa. Wanaume wengi walishabikia saruji. "Saruji ni saruji," walisema, kama wanaotaja jina la ukoo. Wanawake wa kikundi waliushabikia mgomba, maana ulikuwa wao, na Cicily aliutetea kama mtoto wake aliye shuleni. Jivu lilibaki na Mutembei peke yake.

"Kwa nini jivu, mzee?" aliulizwa.

"Kwa sababu hakuna anayelitetea. Na mimi sina kazi nyingine."

Wiki ya pili, saruji ilipasuka. Ilianza kama uzi, asubuhi moja, na kufika Ijumaa ilikuwa imekatika vipandevipande kama midomo ya mtu wakati wa kiangazi. Maji ya sprinkla yaliingia humo, kanta ikayasukuma, na udongo wa chini ukaanza kutoka kama uji.

"Saruji ni saruji!" wanawake waliimba kila mwanaume alipopita.

Hawakuimba sana. Siku nne baadaye mgomba nao ulianza kubonyea chini ya magurudumu, ukaweka mifereji miwili mirefu, na maji yakalala humo. Cicily alisimama juu yake mikono kiunoni.

"Nakuzaa, nakulisha, nakupeleka shule," aliuambia udongo, "na wewe unaniaibisha mbele ya Mbaabu."

"Mimi sijasema kitu," alisema Mbaabu.

"Umecheka kwa mgongo. Nimeona."

Lakini usiku huo hakula vizuri. Viwili vilikuwa vimekwenda. Aliona wazi alichokuwa amekifanya: angenyamaza, vyote vitatu vingekuwa vizuri mpaka leo kwenye karatasi. Sasa kilibaki kimoja, na kimoja hicho nacho, siku ya Jumanne ya wiki ya nne, kilivunjika ukingo. Upande wa kushoto, kipande kama cha urefu wa kitanda kilimeguka na kulala.

Profesa Wanjira alifika Alhamisi. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, koti la mvua na suruali iliyoingizwa kwenye gambuti, na asubuhi hiyo mbingu ya Meru ilikuwa nzito, nyeusi, mvua ya kweli ikikaribia wiki nzima kabla ya wakati wake. Watu walimpokea kwa sauti za msibani. Hakuna aliyepanga mstari wala kuvaa nguo safi. Njiru alifungua kisanduku. Elfu sita mia mbili na kumi na nne.

Profesa alianza chini. Alipiga magoti kwenye saruji, akaingiza kidole kwenye ufa, kisha mkono wote mpaka kifundo. "Vizuri sana!" alisema. Akafika kwenye mgomba, akaruka ndani ya mfereji wa magurudumu akapima kina kwa gambuti yake. "Safi kabisa!"

Cicily alimnong'oneza Njiru. "Huyu mama ni mzima?"

"Hafurahi hivi hata siku ya mshahara," alinong'ona Njiru.

Kwenye kipande cha jivu profesa alipima mara nyingi, akagonga kwa nyundo ndogo, akachukua udongo akaupaka kati ya vidole. Mwisho akafika kwenye ule ukingo uliomeguka, akautazama mfereji wa kushoto uliokuwa umejaa udongo na nyasi zilizokanyagwa, halafu akavuka kuutazama ule wa kulia, uliokuwa wazi kama ulivyochimbwa.

"Nani aliyeua mfereji huu?"

Watu walitazama chini. Mzee Mutembei akakohoa. "Ni sisi sote, Profesa. Tuliua kwa heshima. Ndiyo njia tuliyokuwa tunapita."

Profesa alimtazama, akaanza kutabasamu kidogokidogo. "Miaka ishirini nafundisha kwamba barabara haiuawi na gari, inauawa na maji. Wanafunzi wanaandika, wanasahau. Sasa angalieni wenyewe. Udongo ni uleule, jivu lilelile, magurudumu yaleyale. Kulia maji yana pa kwenda, barabara imesimama. Kushoto hayana, imelala. Hata ningetaka jaribio kama hili, nani angekubali kunikanyagia mfereji miezi minne na nusu?"

Hapo ndipo mvua ilipoanguka. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Na kutoka chini, kama aliyeitwa, Mbaabu alikuja na kanta iliyojaa ndizi, kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku ya soko na ndizi hazijui profesa.

Wote walikimbilia kando. Kanta ilipanda saruji ikidunda kwenye nyufa. Ikaingia kwenye mgomba, ikatelezea huku na huku, wanawake wakapiga kelele, ikatoka. Ikakanyaga jivu. Cicily alifumba macho. Alisikia injini ikibadilika, si mlio wa kuhangaika tena, bali mlio wa gari linalopanda mlima tu, kama magari ya watu wengine. Alipofumbua macho, kanta ilikuwa imefika juu, na nyuma yake maji yalikuwa yakitiririka kwa upole kuelekea kulia, yakiacha barabara ngumu, mahali pake.

Mutembei, peke yake, akapiga makofi.

Mbaabu alitoa kichwa dirishani, akawapungia mkono kama mgombea aliyeshinda, akaingia kwenye ile barabara ya zamani inayoendelea mbele. Hakwenda hatua thelathini. Magurudumu ya nyuma yakazama, yakazunguka, yakatupa tope hadi kwenye paa, na kanta ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

"Sukumeni!" alipaza sauti Cicily, na watu wote wakaenda mbio kwenye matope.

Walisukuma mabega kwa mabega, Njiru kati ya waendesha boda, Lenah amefunga leso kiunoni. Cicily alihisi bega dogo limebanana na lake. Alikuwa Profesa Wanjira, miwani imejaa tope, anasukuma ameuma meno.

"Profesa, utachafuka!"

"Mama, mmeshanitunzia vya kutosha! Moja, mbili!"

Gari lilitingishika, likarudi, likatingishika tena. Profesa alianguka kwa magoti, akashika bampa ili ainuke, na hapo hapo, tope likimchuruzika kidevuni, akapaza sauti juu ya mvua yote.

"Njiru! Uko wapi? Andika: jivu, chokaa, na mifereji ya mawe pande zote mbili!"

"Kutoka wapi mpaka wapi, Profesa?"

Alitazama mlima ulivyopanda mbele yao, mwekundu, ukichemka maji.

"Kuanzia hapa nilipoanguka. Hapana, ngoja. Zote. Andika kilomita zote nne!"

Kamati ilikaa mwisho wa Machi kama ilivyopangwa, na barua ya kukubali ikaja kabla ya Pasaka, ikiwa na mihuri miwili. Lakini watu wa Kiamuthanga hawahesabu kuanzia barua. Kwao, barabara ilipitishwa siku ile, na waliopiga kura walikuwa wamezama kwenye tope hadi magotini, wakisukuma.